Msimbo wa QR kwenye pakiti ya kahawa: anzia kihambani, mpiga chapa aje mwisho

Kabla hujampigia simu mtu wa lebo, fanya zoezi moja. Nenda stoo, chukua pakiti ya robo kilo iliyokaangwa miezi miwili iliyopita, mkabidhi kijana wa ofisini na umwambie: nitafutie wakulima waliovuna kahawa hii na vihamba vyao, yaani mashamba yao ya nyumbani huko Uchaggani, viko wapi. Kisha angalia saa.

Kiwandani kwetu mara ya kwanza lilichukua siku mbili na nusu. Tulifika hadi kwenye gunia lenye maandishi ya kalamu ya wino yaliyofutika nusu, na hapo njia ikaishia. Wakati huo tulishalipia mchoro mzuri wa lebo wenye msimbo wa QR pembeni. Ukiupiga picha, ulikupeleka kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti yetu, penye picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na neno "Karibu". Mnunuzi wa Ujerumani hakuwa na shida na Kibo. Alitaka kujua vihamba viko wapi.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga na kufungasha kahawa Tanzania, anayeuza au anayetaka kuuza pakiti Ulaya. Nimechagua kahawa kwa sababu ndiyo niijuayo, na kwa sababu imebanwa na sheria kuliko bidhaa nyingi za viwanda vyetu. Mkenya na Mganda watajiona humu pia.

Hatua ya 1: Jua sheria ipi inakugusa, ipi haikugusi

Watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna "pasipoti ya kidijitali ya bidhaa", inayotokana na sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2024/1781. Hiyo imeacha nje chakula, kwa hiyo kahawa haimo. Itawahusu watengenezaji wa nguo, samani, magodoro, matairi, chuma na alumini, kila kundi kwa kanuni zake na tarehe zake. Betri zina sheria yao, na pasipoti ya betri za magari ya umeme na za viwandani inaanza tarehe 18 Februari 2027. Mtu akija kukuuzia "mfumo wa pasipoti" kwa ajili ya kahawa, mpe kikombe cha kahawa na umsindikize mlangoni.

Inayokugusa wewe ni sheria ya ukataji misitu, namba 2023/1115. Inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao, pamoja na bidhaa nyingi zitokanazo navyo. Kahawa imo iwe mbichi au iliyokaangwa, hivyo kukaanga hakukutoi kwenye wavu. Inadai mambo matatu: kahawa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka, na mwagizaji wa Ulaya awe ametoa tamko kwamba amechunguza hayo, akiambatanisha mahali ilipolimwa.

Tarehe ya kuanza imesogezwa mara mbili. Ilikuwa 30 Desemba 2024, ikawa 30 Desemba 2025, na sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa ndogo. Ukubwa unaohesabiwa hapo ni wa mwagizaji, si wako. Muulize mapema yuko kundi gani. Na kwa kuwa msimu wa Kilimanjaro huanza katikati ya mwaka, kahawa inayovunwa kabla ya tarehe hizo inaweza kufika Ulaya baada yake. Usisubiri Desemba.

Mwezi Mei 2025 Umoja wa Ulaya ulipanga nchi kwa viwango vya hatari. Kenya imewekwa kwenye hatari ndogo, Tanzania na Uganda kwenye hatari ya kawaida. Tofauti yake ni kwamba wakaguzi wao watalenga asilimia 1 ya waagizaji kwa kundi la kwanza na asilimia 3 kwa la pili. Mkenya asifurahi kupita kiasi, maana namba za GPS za shamba zinadaiwa kwake pia.

Marekani ni habari nyingine. Sheria yao ya kumbukumbu za ufuatiliaji wa chakula, ambayo imesogezwa hadi Julai 2028, ina orodha maalumu ya vyakula, na kahawa haimo.

Hatua ya 2: Pima vihamba, kimoja kimoja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo pesa yako iende.

Sheria inasema shamba lisilozidi hekta 4, yaani kama ekari 10, linatosha nukta moja ya GPS. Likizidi hapo, unazunguka mpaka wote. Vihamba vingi vya mlimani havifiki hata ekari tatu, kwa hiyo nukta moja inatosha. Lakini ni nukta moja kwa kila kihamba, si kwa kila mkulima. Mama mwenye kihamba cha ukoo juu na kipande kingine cha mibuni ng'ambo ya mto ana nukta mbili.

Karani asimame ndani ya shamba, katikati ya mibuni. Asisimame barabarani wala mlangoni kwa mzee. Chini ya migomba na miti ya kivuli simu huchelewa kushika setilaiti. Asubiri hadi usahihi unaoonyeshwa ushuke chini ya mita 5, ndipo ahifadhi. Sisi tuliwahi kuletewa orodha ya wakulima arobaini na kitu wenye nukta ileile moja. Karani alizipima zote akiwa amekaa ofisini kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mvua ikinyesha. Kabla ya kupokea orodha, ipange kwa namba na utafute zinazojirudia. Ni dakika mbili tu.

Sasa tazama namba zenyewe. Nukta ya mlimani inaweza kuwa hivi:

latitudo -3.251840, longitudo 37.331920

Tarakimu sita baada ya nukta ni sharti la sheria. Alama ya kutoa mbele ya 3 inamaanisha kusini mwa ikweta. Karani akiisahau, kihamba kinahama kutoka Kilimanjaro hadi jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Akibadilisha nafasi za namba mbili, kinaangukia Hispania, mkoa wa Granada, karibu na mji wa Guadix. Kosa hili la pili ni rahisi kufanya kuliko unavyodhani, kwa sababu faili la GeoJSON, ambalo ndilo mfumo wa Ulaya hupokea, huandika longitudo kwanza, wakati simu nyingi na ramani hutanguliza latitudo. Ukimaliza faili, lifungue kwenye ramani na utazame kwa macho yako. Nukta zote zikiwa zimejipanga kwenye mteremko wa mlima, sawa. Moja ikiwa Ulaya, unajua pa kuanzia.

Excel nayo ina tabia zake. Ukiandika -3.250000 inakubakishia -3.25, na mfumo unaodai tarakimu sita unaweza kukukatalia. Weka safu hizo ziwe maandishi tangu mwanzo.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni la kwetu hasa. Kihamba cha Mchagga, ukikitazama kutoka angani, ni miti: mibuni chini, migomba juu yake, na juu kabisa mifuruanji na miti mingine ya kivuli. Ramani za misitu zilizochorwa kwa setilaiti zinaweza kukihesabu kuwa msitu. Sheria yenyewe haikiiti msitu, kwa sababu ardhi inayotumika kwa kilimo, pamoja na kilimo mseto cha miti, imetolewa kwenye maana hiyo. Lakini mwagizaji akiona rangi nyekundu kwenye kompyuta yake atakuuliza, na jibu la "hapo tumelima tangu enzi za babu" linataka kuungwa mkono. Piga picha ya mashina ya mibuni ya zamani, chukua barua ya ofisi ya kijiji, na kama kuna daftari la chama la miaka ya nyuma lenye jina la mkulima na kilo alizoleta kabla ya 2020, lipige picha pia. Sijaona ushahidi mzuri kuliko hayo madaftari, na vyama vingi vinayo yakiliwa na mchwa.

Nukta zilizoangukia ukanda wa nusu maili, ule wa ukingoni mwa msitu wa mlima, au ndani ya hifadhi ziweke pembeni kabisa hadi mtu aende kuziona. Inaweza kuwa kosa la simu. Inaweza pia kuwa si kosa la simu.

Hatua ya 3: Linda mnyororo ndani ya kiwanda

Ukinunua mnadani Moshi au moja kwa moja kwa chama, omba orodha ya wakulima waliochangia loti hiyo kabla hujalipa. Ukishalipa, orodha huwa haipatikani tena.

Kahawa ya maganda inapokobolewa, loti ibaki loti. Gunia la kahawa safi likitoka kwenye kiwanda cha kukoboa liwe na namba iliyoshonwa au kugongwa muhuri, na namba hiyo iwe ileile ya hati ya mapokezi. Kalamu ya wino hufutika. Mimi ni shahidi.

Kwenye mtambo wa kukaangia, kila mkaango una ukurasa wake: tarehe, saa, magunia gani yalifunguliwa, kilo ngapi kutoka kila gunia, kilo ngapi zilitoka. Tumia namba ya bechi ambayo mtu anaweza kuisoma bila kompyuta. Yetu ni 26071B: mwaka 26, siku ya 71 ya mwaka ambayo ni tarehe 12 Machi, mkaango wa pili. Tumeacha herufi O na I, maana zinafanana na sifuri na moja.

Suala gumu ni kuchanganya. Ukitia kilo 40 za chama kimoja na kilo 20 za kingine, bechi hiyo ina wakulima wa vyama vyote viwili na nukta zao zote. Sheria hii haikubali hesabu ya wastani, kwamba asilimia fulani ni safi na iliyobaki haijulikani. Kahawa isiyojulikana ikiingia, bechi nzima imeharibika. Kwa hiyo zile kilo tatu zilizobaki chini ya pipa la kulishia mtambo jana, ama ziandike kwenye bechi ya leo pamoja na chanzo chake, ama zitoe na uzikaange kwa ajili ya soko la ndani. Sisi tunazitoa. Wafanyakazi walilalamika wiki ya kwanza tu.

Kisha linganisha uzito. Kilo 100 za kahawa ya maganda hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi, na ukikaanga kwa kiwango cha kati utapoteza kama asilimia 16 hivi, ubaki na kilo 67. Hizo ni pakiti 268 za robo kilo. Vitabu vyako vikionyesha pakiti 320 kutoka kilo hizo 100, mkaguzi hatahitaji setilaiti kujua kuna kahawa iliyoingia kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya 4: Pata namba halali ya bidhaa

Namba ya barkodi hutolewa na GS1, shirika la kimataifa la barkodi, na hapa kwetu ni GS1 Tanzania. Namba zao huanza na 620, za Kenya 616. Tarakimu hizo zinaonyesha ofisi iliyokusajili tu. Hazithibitishi kuwa bidhaa imetengenezwa Tanzania, ingawa wateja wengi wanaamini hivyo. Usinunue namba za bei chee mtandaoni. Duka kubwa la Ulaya likikagua, litakuta jina la mtu mwingine kabisa.

Kila bidhaa inayotofautiana ina namba yake: robo kilo ya punje, robo kilo ya kusaga, nusu kilo. Bechi mpya haihitaji namba mpya.

Tarakimu ya mwisho ni ya kukagua. Chukua 620123456789 kama mfano: zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto, jumlisha, unapata 107. Inayokosekana kufika kumi inayofuata, yaani 110, ni 3. Namba kamili ni 6201234567893. Na Excel tena: ukiiacha ijiamulie, itaigeuza kuwa 6.20123E+12.

Hatua ya 5: Tengeneza msimbo wa QR unaobeba kitu

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya viwanda vya magari, na una nafasi ya kutosha kubeba namba ya bidhaa na namba ya bechi kwa pamoja. GS1 wana mtindo wao wa kuviandika ndani ya anwani ya tovuti:

https://jinalako.co.tz/01/06201234567893/10/26071B

Namba 01 inatangulia namba ya bidhaa, ambayo huongezwa sifuri mbele ifike tarakimu 14. Namba 10 inatangulia bechi. Simu ya mteja itaona anwani na kufungua ukurasa. Skana ya dukani yenye programu mpya itachomoa namba ya bidhaa na kutoa bei. GS1 wamelenga maduka ya dunia yawe na uwezo huo kufikia mwisho wa 2027. Kwa sasa acha barkodi ya mistari ibaki kwenye pakiti, QR ikae pembeni yake.

Anwani iwe yako. Zile tovuti zinazotengeneza QR bure zinapitisha mteja kwenye anwani yao kwanza. Muda wa majaribio ukiisha, pakiti zako elfu tano zilizoko Hamburg zinafungua tangazo. Lipia anwani yako miaka mitano kwa mkupuo kama unaweza.

Vipimo: anwani yenye herufi hamsini kama hiyo hapo juu hutoa msimbo wa vijiraba 33 kwa 33. Ongeza vijiraba vinne vitupu kila upande. Kwa kijiraba cha milimita 0.396, ambacho ndicho kidogo zaidi kinachoruhusiwa kwa rejareja, unapata upande wa sentimita 1.6 na ushei. Weka sentimita 2, usibanane.

Rangi imetuponza wengi wenye kahawa, kwa sababu sote tunapenda kahawia. Skana nyingi humulika kwa mwanga mwekundu, na kahawia yenye wekundu inamezwa. Nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa. Usiuweke kwenye mkunjo wa pembeni, wala karibu na vali, kile kitundu cha kutolea gesi: pakiti ikijaa hewa hapo huvimba na msimbo unapinda.

Pakiti zako kama zimechapishwa tayari kiwandani China, msimbo hauwezi kubeba bechi. Una njia mbili: nunua printa ndogo ya stika na ubandike kila bechi, au acha QR iwe ya bidhaa tu na ugonge namba ya bechi kwa maandishi, mteja aiingize mwenyewe kwenye ukurasa. Ya kwanza ni bora. Ya pili si aibu kwa anayeanza. Vibandiko vyenye chipu, vile vya kugusisha simu, viache. Gharama yake inakula faida ya pakiti, na hakuna sheria inayovidai.

Jaribu kwenye pakiti iliyojazwa kahawa, si kwenye karatasi bapa. Tumia simu ya bei ya chini kabisa uliyonayo ofisini, chini ya taa ya dukani.

Hatua ya 6: Amua nani aone nini

Mteja anayenunua kahawa Berlin aone jina la chama, msimu wa mavuno, tarehe ya kukaanga, labda mwinuko. Asione majina ya wakulima wala nukta za vihamba vyao. Hizo ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pamoja na Tume yake. Jisajili kwao, na mkulima aelezwe, kwa lugha anayoielewa, nukta yake inapelekwa wapi na kwa nini. Mzee mmoja aliniuliza kama nukta hiyo ndiyo watakayotumia kumtoza kodi. Swali halali kabisa, na karani aliyempima hakuwa na jibu.

Nukta zipelekwe kwa mwagizaji peke yake, kwa faili, bechi kwa bechi. Yeye ndiye anayetoa tamko kwenye mfumo wa Ulaya na kupewa namba ya kumbukumbu. Iombe namba hiyo, ihifadhi kwenye faili la shehena. Nyaraka zote zitunzwe miaka mitano.

Hatua ya 7: Maandishi ya kawaida hayajafutwa

QR haichukui nafasi ya lebo. Jina la chakula, uzito, tarehe ya kumalizika ubora, namba ya bechi, jina na anwani ya mwagizaji vinabaki kwa maandishi ya kusomeka, kwa lugha ya nchi inakouzwa. Ujerumani ni Kijerumani.

Na futa lile jani la kijani lenye maneno "rafiki wa mazingira". Kuanzia tarehe 27 Septemba 2026 Ulaya inakataza madai ya jumla ya namna hiyo yasiyo na uthibitisho unaotambulika. Mfuko wenyewe nao una sheria mpya ya vifungashio, namba 2025/40, inayoanza kutumika 12 Agosti 2026. Muulize mwagizaji kabla hujaagiza mifuko ya miaka miwili.

Hatua ya 8: Rudia zoezi

Kila baada ya miezi mitatu tunachukua pakiti moja, bila kutoa taarifa, na kijana anaanza kutafuta. Mara ya mwisho ilichukua dakika 35 kutoka pakiti hadi orodha ya vihamba 61 kwenye ramani. Dakika 20 kati ya hizo alikuwa anatafuta ufunguo wa kabati la madaftari ya mkaango, ambao ulikuwa mfukoni mwangu.